Aliyeapa kwa Nchi ya Pili, Je, Amemkana Mama Yake?



Dominika moja, Misa ilipokwisha na watu wakingali wanasalimiana uwanjani, mama mmoja mjane alitujia na simu mkononi. Ni mama wa jumuiya yetu hapa kando ya ziwa la Tanganyika, mlimaji wa muhogo na mchuuzi wa ndagala. Alituambia: «Mwalimu, mwanangu wa ng'ambo ameleta neno. Nimelisikiliza mara tatu, na kila mara moyo wanidunda. Sikiliza nawe, kisha uniambie kama nimesikia vizuri.»

Kijana huyo twajua habari zake. Wakati wa vita vya mwaka 1998 alivuka ziwa mgongoni mwa mamaye. Alikulia katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, nchini Tanzania. Alisoma pale, akapata kipaimara pale, akaoa pale. Baadaye mama alirudi kwa shamba lake, lakini kijana, pamoja na mkewe na watoto, alipokewa Marekani. Sasa amemaliza miaka iliyotakiwa, amefaulu mtihani, naye ameitwa kula kiapo cha uraia. Shida yake ndiyo hii: katika kiapo kile atatamka kwamba anaukataa kabisa utii wote aliokuwa nao kwa nchi ya kwanza. Alimaliza neno lake kwa kuuliza: «Mama, wanipa ruhusa?»

Tulipomrudishia simu, mama alisema: «Mimi nilimzaa katika nchi hii. Kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Akiikana nchi hii, je, si mimi ananikana? Petro alimkana Bwana, akatoka nje akalia. Mwanangu atalia kwa nani?»

Twakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwomba atuvumilie juma moja. Neno lake lilitufuata njiani, shambani na hata darasani mbele ya wakatekumeni. Na kwa kuwa ni nyumba chache kandokando ya ziwa hili zisizo na mtoto Kigoma, au Bujumbura, au Ulaya, au Marekani, tumeona yafaa kuandika hapa yale tuliyoyafikiri, ili kila msomaji ayapime mwenyewe.

1. Jibu rahisi tulilolikataa

Rafiki mmoja, mtu wa biashara, alisikia habari hii akacheka. Alisema: «Mwambie kijana aape kwa mdomo tu, moyoni abaki Mkongo. Nani atauona moyo wake? Wengi wamefanya hivyo, nao wana pasipoti mbili, moja katika kila mfuko.»

Hatutaficha kwamba jibu hili lilitupendeza kwa kitambo. Lingemtuliza mama, lingempa kijana karatasi yake, wala lisingemgharimu mtu kitu. Lakini tulifundishwa tangu seminarini, nasi twawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, kwamba kuapa ni kumwita Mungu awe shahidi wa maneno yetu. Basi anayeapa kwa mdomo huku akikataa moyoni amemwita Mungu awe shahidi wa uongo. Na hata mtu asiyesali aweza kuuona ubaya wake. Watu hawawezi kukaa pamoja wasipoamini maneno: neno la shahidi mbele ya hakimu, neno la mume kwa mkewe, neno la mnunuzi aliyechukua ndagala leo na kuahidi kulipa Jumamosi. Mtu anayeanza uraia wake kwa kudanganya anakatakata kamba ileile anayotaka kuishika.

Tena, wenyeji wamemfungulia mlango. Kwa nini apitie dirishani?

Basi swali la mama lilibaki zima mbele yetu: Je, kijana aweza kuapa kwa moyo wote, bila kumkana mama yake? Ikiwa haiwezekani, asiape, hata kama ni hasara. Ikiwa yawezekana, aape kweli. Njia ya katikati haipo.

2. Mwacha asili ni mtumwa

Wazee wetu husema: Mwacha asili ni mtumwa. Neno hili ni kweli, wala hatutaki kulipunguza. Tumewaona vijana wanaoona haya kusema lugha ya mama zao mbele ya wageni, wanaobadili majina yao wapate kuonekana wakubwa, wasiotaka kujulikana wametoka kijiji gani. Mtu wa namna hiyo ni mtumwa kweli. Lakini angalieni: wengi wa vijana hao hawajavuka hata mto. Wameacha asili yao wakiwa palepale nyumbani, na pasipoti yao ni ya Kongo. Hapo ndipo tulipoanza kuona nuru kidogo. Kama mtu aweza kuacha asili bila kuvuka ziwa, labda mtu aweza pia kuvuka bahari bila kuacha asili.

Yatupasa kutenga mambo mawili ambayo kinywani mwetu yana jina moja. Twasema «nchi». Nchi ni kwanza ile iliyotuzaa: udongo, lugha, makaburi, majina, wimbo wa kubembelezea mtoto. Nchi ni pia ile inayotutawala: serikali, sheria, kodi, mahakama, jeshi, pasipoti. Ya kwanza inatudai shukrani na upendo. Ya pili inatudai utii, nayo inawiwa kutulinda. Kwa watu wengi nchi hizi mbili zakaa mahali pamoja, hata hawajui kuwa ni mbili. Mkimbizi ajua. Siku aliyokimbia, alibeba ya kwanza pamoja na mtoto na sufuria. Ya pili haikuweza kumlinda.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya Mungu, afundisha kwamba baada ya Mungu wanaotudai ni wazazi na nchi, kwa sababu kwao tumepata kuzaliwa na kulelewa. Twamwomba msomaji asimame kidogo juu ya maneno hayo mawili: kuzaliwa na kulelewa. Kijana wetu alizaliwa katika nchi moja. Nchi ya pili ilimpa unga, maji na ubao wa kuandikia miaka mingi. Nchi ya tatu inamlea hata leo, yeye na watoto wake. Kama deni latoka pia katika kulelewa, basi ana madeni mahali patatu, na deni jipya halifuti la zamani. Yatima aliyelelewa na mama mdogo humwita huyo «mama» bila kumtukana yule aliye kaburini. Tungemshangaa asipomwita hivyo.

Tukumbuke na Mtume Paulo. Alikuwa Mwebrania wa kabila la Benyamini, mzaliwa wa Tarso, na pamoja na hayo raia wa Roma. Matendo ya Mitume yatusimulia jinsi alivyofungwa kamba kule Yerusalemu ili apigwe mijeledi, naye akauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Jemadari aliingiwa na hofu. Yeye mwenyewe alikuwa ameupata uraia ule kwa fedha nyingi. Paulo hakuona haya kuutumia. Wala hakuacha kwa ajili hiyo kuwapenda ndugu zake kwa mwili. Aliwaandikia Warumi kwamba angekubali kutengwa yeye mwenyewe kwa ajili yao. Kweli, Paulo alizaliwa na uraia wake. Hakuulizwa kukataa kitu. Shida ya kijana wetu ni kubwa kuliko yake. Lakini twajifunza kwake kwamba moyo wa mtu si chungu kidogo, ambacho ukitia maji mapya ya kwanza lazima yamwagike.

3. Jembe huja kabla ya karatasi

Kuna mithali nyingine inayojulikana na kila mtoto: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaipenda kwa kuwa yatueleza jinsi mtu anavyokuwa mwenyeji.

Zamani mtu alipofika kutoka mbali, alikwenda kwa mkubwa wa kijiji, akaeleza habari zake, akaonyeshwa mahali pa kulima. Mwaka wa kwanza alikopa mbegu. Mwaka wa pili alirudisha. Nyumba ya jirani ilipoungua, alileta nyasi za kuezekea. Mtu alipofariki, alishika jembe pamoja na wengine akachimba kaburi. Watu walimwita «yule mgeni», kisha siku moja wakaacha. Siku yenyewe hakuna aliyeiona. Ilipita kati ya palizi na mavuno.

Tulimwomba mama atusimulie maisha ya mwanawe kule, nasi tuliona jembe lilelile kwa sura nyingine. Kijana anafanya kazi usiku katika kiwanda cha kukatia nyama, amesimama saa nyingi katika baridi, kisu mkononi. Asubuhi anawafikisha watoto kwenye gari la shule ndipo alale. Kodi inakatwa katika mshahara kabla hajaushika. Jirani yake ni bibi mzee anayeishi peke yake. Theluji inapoanguka, kijana anasafisha njia ya nyumba yake mwenyewe, kisha ya bibi, ingawa macho yanamwuma kwa usingizi. Na bibi huyo ndiye aliyeketi naye mezani jikoni, jioni nyingi, akimfundisha kusoma Kiingereza na historia ya nchi ile kwa ajili ya mtihani, maana sheria yadai mtu aweze kusema, kusoma na kuandika kidogo, na kujibu maswali juu ya historia na serikali.

Kisha mama alitueleza jambo dogo ambalo lilikuwa limemchoma kuliko kiapo chenyewe. Alisema: «Hapo kwanza, akinipigia simu, alikuwa akisema: Mama, huku kwao kuna baridi. Mwaka huu nimemsikia akisema: Mama, huku kwetu kumeanguka theluji. Hakujua kama amesema. Mimi nilisikia.»

Kwao, kwetu. Katika herufi hizo chache imo safari nzima. Mtu huwa raia kwa kweli siku anapoacha kusema «barabara yao ina shimo», akasema «barabara yetu ina shimo», akatafuta nani wa kumweleza. Huwa raia anapoona haya kwa makosa ya mahali pale, badala ya kuyalaumu tu kama mpita njia. Hakuna ofisi iwezayo kumpa mtu neno hilo, wala hakuna iwezayo kumnyang'anya. Hivyo mama alisikia vizuri. Kabla mwanawe hajaitwa kuapa, jambo lilikuwa limekwisha kuanza.

4. Basi, karatasi ni ya nini?

Mtu atauliza: kama jembe latosha, kwa nini kijana ajitaabishe kwa kiapo? Akae tu kama alivyo, mkaaji mwenye ruhusa, mwana wa Kongo.

Twajibu kwa habari ya majirani zetu. Mwaka 1972, kwa sababu ya mauaji makubwa katika Burundi, watu maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania. Walipewa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu upande wa Tabora, na Katumba na Mishamo katika mkoa unaoitwa sasa Katavi. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, muhogo na tumbaku, wakajenga shule na makanisa, wakapata watoto na wajukuu ambao hawakupata kuiona Burundi hata kwa macho. Lakini mtu akitaka kutoka katika makazi, ilimpasa kuomba kibali. Jembe la miaka 35 halikumpa ruhusa ya kupanda basi kwenda kumzika ndugu katika mkoa mwingine.

Mwaka 2007 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, ule unaoitwa uraia wa tajnisi. Walio wengi sana walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikubaliwa. Ilitakiwa waukane uraia wa Burundi, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Lakini vyeti havikuja mara. Ilitakiwa kwanza wahame makazi, watawanyike katika mikoa mingine. Jambo hilo likakwama. Ni mwezi wa Oktoba 2014 tu vyeti vilipoanza kutolewa mikononi mwao. Fikirini miaka ile minne ya kungoja: wamekwisha kuiaga nchi moja, na nyingine imesema «karibu» lakini haijafungua komeo. Hayo yatuonyesha karatasi ni ya nini. Pasipo karatasi, wema wote wa mtu wategemea huruma ya wengine, na huruma yaweza kubadilika pamoja na mkubwa wa ofisi.

Wala tusiseme habari za majirani tu. Katika nchi yetu wenyewe, iliyoitwa Zaire wakati ule, sheria ya mwaka 1972 iliwatambua kuwa raia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaubatilisha uraia huo, ikadai mtu awe wa ukoo uliokuwa katika nchi hii tangu tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya mwaka 2004 ikageuza tena, ikatazama makabila yaliyokuwamo wakati wa uhuru, mwaka 1960. Hatuandiki haya ili kuamsha ugomvi. Katika vilima na mabonde yetu hakuna kabila lisilo na makaburi. Twaandika ili tuone neno moja: mtu alilala raia akaamka mgeni, katika kitanda kilekile, karibu na shamba lilelile. Hiyo ni moja ya mizizi ya machozi ya mashariki. Kwa hiyo mtu asidharau karatasi. Iliyoandikwa vizuri na kushikwa kwa uaminifu ni ukuta wa nyumba. Inayochezewa ni kiberiti.

Basi kijana anayetaka cheti si mtu wa tamaa. Anataka watoto wake wasiwe watu wa kuomba kibali. Anataka pia kutimiza kazi ambazo mgeni hapewi: kupiga kura, na kuitwa kuketi mahakamani pamoja na raia wengine ili kumwamua mshitakiwa. Mtu aliyekimbia vita, tena vita vilivyoletwa na watu ambao hakuwachagua, anajua thamani ya kazi hizo.

5. Kiapo chadai nini, na chagharimu nini

Sasa tufike penye uchungu. Tulijitafutia maana ya kiapo chenyewe. Kijana atatamka kwamba anaacha utii wote kwa mtawala au dola ya kigeni. Kwamba atazishika na kuzitetea sheria za nchi mpya. Kwamba ataitumikia, hata kwa silaha au kwa kazi nyingine, sheria ikimtaka. Hayo ni mazito. Lakini tuliyasoma tena tukitafuta neno «mama», hatukuliona. Hakuna neno la lugha, wala la makaburi, wala la jina lake, wala la ndugu anaowatumia fedha za shule. Kiapo chagusa ile nchi ya pili tuliyoitaja, inayotawala. Ile iliyozaa haimo mikononi mwa hakimu, naye hakimu haiombi.

Kwa hiyo twasema: kijana aweza kuapa kwa moyo wote. Anachokiacha ni utii wa raia kwa dola. Hamkani mama yake.

Lakini haifai tumfariji mama kwa kumficha gharama. Kongo nayo ina neno lake. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 10, zasema uraia wa Kongo ni mmoja, wala haushikwi pamoja na mwingine. Anayepata uraia wa nchi nyingine hupoteza huu wetu. Siku ile kijana atakaposhusha mkono wake, atakuwa mgeni hapa. Hatapiga kura hapa wala hatachaguliwa. Konsesyo ya daima ya ardhi, ambayo sheria ya mwaka 1973 yaiweka kwa Wakongo, hataweza kuipata. Na mama alipoyasikia hayo, aliuliza neno ambalo hatukulitazamia: «Nikifa, ataomba ruhusa ya kuja kunizika?»

Ndiyo, mama. Ataomba viza.

Tulinyamaza wote wawili. Uko uchungu ambao hauponyi kwa maelezo mazuri, nasi twaona ni heri kuutaja kuliko kuufunika. Sheria hiyohiyo yaacha mlango, maana aliyekuwa Mkongo wa asili aweza kurudishiwa uraia wake akitoa tamko na kutimiza masharti. Wako pia Wakongo wengi, wa hapa na wa ng'ambo, wanaoomba sheria ibadilishwe, ili mtoto asilazimike kuchagua. Hilo ni jambo la kujadiliwa waziwazi na wabunge na wananchi, nasi twaona hoja zao zina nguvu. Lakini wakati sheria ingali hivi, dawa yake si pasipoti ya pili katika mfuko wa siri. Mtu aliyezoea kuficha karatasi huanza kuwaficha na watu.

6. Madeni ya pande mbili

Yabaki kuuliza: baada ya kiapo, nani anamdai nani?

Kijana atawiwa na nchi mpya uaminifu mzima. Asikae kule kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kiti. Asiseme juu ya kila taabu: «Mimi si wa hapa.» Akiona sheria mbaya, aipinge kwa njia za raia. Awafundishe watoto wake kuipenda nchi wanamokua, maana ni dhambi kuwalea watoto katika nyumba na kuwafundisha kuidharau.

Na nchi ya kwanza nayo atawiwa shukrani. Shukrani haihitaji pasipoti, bali yahitaji kazi. Awafundishe watoto Kiswahili na lugha ya kabila, ili bibi yao asiwe sauti tu wasiyoielewa. Alitunze kaburi la babaye. Asitumie fedha kwa majivuno, wala asizitume kwa kununua bunduki za wanaogombana. Kuna walio mbali wanaochochea moto usiowaunguza. Aseme kweli juu ya Kongo, mabaya yake na mazuri yake.

Nasi tuliobaki? Twamdai kijana uaminifu, basi tujitazame. Tukimwita msaliti akiapa, na siku ya pili tukimpigia simu kuomba fedha za bati, sisi ndio wenye ndimi mbili. Tena, watoto wetu waliovuka walipokewa na watu. Hapa kwetu, katika Fizi, kambi ya Lusenda imewapokea ndugu kutoka Burundi tangu mwaka 2015. Wamo sokoni, wamo shambani kwa vibarua, wamo kanisani katika viti vya nyuma. Je, ni wangapi kati yetu wanaojua jina la hata mmoja? Tungependa bibi mzee wa Marekani aketi na mwana wetu jikoni kwake jioni nyingi. Sisi tumemkalisha nani jikoni?

Haya ndiyo tuliyompelekea mama juma lilipokwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikichambua ndagala. Kisha alitaka simu. Alituomba tubaki, awe na shahidi. Alisema, nasi twayaandika kwa ruhusa yake:

«Mwanangu, nimekupa ruhusa. Ukiapa, uape kweli, nisikusikie ukiwacheka watu wale waliokupa nyumba. Siku ya kiapo uvae shati jeupe. Ukimaliza, unipigie, unieleze yote. Na watoto uwaambie bibi anataka wamwamkie kwa Kiswahili, si kwa kunipungia mkono. Haya, salimu huko kwenu.»

Alipokwisha kusema neno hilo la mwisho, alituangalia kidogo, akafuta uso kwa kitenge chake. Akarudi kuchambua ndagala, maana jua lilikuwa linapanda.